Marehemu Mpaka Ijumaa

Karani aliisikia habari ya kifo cha mumewe kwa masikio yote mawili. Ilikuwa Jumatatu, saa kumi na dakika ishirini alasiri, katika kipande namba kumi na saba.

Chini ya ukumbi wa Bunge kuna chumba kirefu kisicho na dirisha, na humo makarani wanane hukaa wamevaa visikilizio masikioni. Sauti za waheshimiwa hukatwa vipande vya dakika tano tano, kila karani hupewa chake, akaandika neno kwa neno, bila kupunguza wala kuongeza. Chini ya meza kuna kanyagio la kurudisha sauti nyuma. Msimamizi wao, mzee mkavu asiyependa mchezo, amezoea kuwaambia wageni wa kazi kwamba masikio ya chumba kile hayana maoni. Karani alikuwa amefanya kazi hiyo miaka kumi na tisa, na jina hilo la Karani alipewa na mumewe mwenyewe siku za uchumba.

"Mheshimiwa Spika," sauti ilikuwa ikisema, "wenzetu wanataka tuifute Sheria ya Bima ya Afya kwa sababu ni mzigo. Mimi nawaletea huo mzigo wauone. Ni fundi mizani. Miaka ishirini amezunguka masoko ya mji huu kuhakikisha kilo ni kilo. Figo zake zikafa. Mara tatu kwa wiki mashine ikamsafisha damu, bima ikalipa. Namba ya kadi yake ninayo hapa." Akaisoma tarakimu moja moja, tisa zote. "Kadi hiyo ilikataliwa dirishani. Na jana, Jumapili, Mheshimiwa Spika, fundi huyo amefariki dunia."

Karani alikanyaga kanyagio. Sauti ikarudi nyuma, mumewe akafa tena. Akakanyaga mara ya tatu. Saa sita mchana huo huo alikuwa ameongea na mume huyo kwa simu na kumsikia akilalamika kwamba mama yake amemficha kikombe. Akavua visikilizio, akapiga simu nyumbani.

"Nasikiliza Bunge," alijibu Mizani, maana mtaa mzima ulimwita hivyo. "Kumbe nimekufa. Mbona hamkuniambia mapema, nikaacha kuoga?"

Alicheka mpaka akakohoa. Karani hakucheka. Wiki mbili nyuma alikuwa amevunja sheria kubwa ya chumba chao: alimwandikia mheshimiwa yule wa kipande cha kumi na saba barua, akampa msaidizi wake kwenye korido kama anayempa risiti. Katika barua alieleza jinsi mwaka jana malipo ya Mfuko wa bima yalivyochelewa, Mizani akakaa siku tano bila kusafishwa, akabebwa juu ya kiti cha jikoni kutoka ghorofa ya tatu hadi chini, akaponea chupuchupu. Aliandika namba ya kadi ili isionekane ni hadithi ya kutunga. Neno kuponea lilikuwemo, tena mstari wa mwisho.

Akavaa tena visikilizio akaandika: amefariki dunia. Vidole vilikwenda vyenyewe, kwa mazoea.

Jirani yake wa meza ndiye aliyepata kipande cha kumi na nane. Alipofika katikati aligeuza kioo cha kompyuta yake polepole, Karani asome. Mheshimiwa wa upande wa kufuta alikuwa amesimama na kuuliza: kama mtu amekufa jana, kwa nini kadi yake iko hai leo? Si ndiyo hao wanachama hewa tunaowalipia kila siku? Watu wakapiga meza. Waziri naye hakutaka kuchekwa. Akajibu kwamba maofisa wa Mfuko wako ndani ya ukumbi, na kadi hiyo imefungwa dakika hiyo hiyo anapozungumza.

"Si ndiyo namba yake?" jirani aliuliza kwa sauti ya chini.

"Ndiyo."

"Na kesho si Jumanne?"

Jumanne, Alhamisi na Jumamosi ndizo zilizokuwa siku za Mizani kwenye mashine.

* * *

Dirisha la Mfuko lilifunguliwa saa mbili, na Karani alikuwa wa tatu kwenye foleni. Mizani alitakiwa kitini saa nne. Kijana wa dirishani alikuwa na adabu, na adabu yake ndiyo iliyomchosha Karani kuliko kama angetukanwa.

"Pole sana kwa msiba, mama."

"Hakuna msiba. Mume wangu yu hai. Nimemwacha anakunywa chai."

Kijana akaitazama kompyuta, akamtazama yeye, akarudi kwenye kompyuta. "Mfumo unasema marehemu. Chanzo cha taarifa, kumbukumbu rasmi za Bunge. Sisi hatuwezi kubishana na Bunge, mama."

"Nikikuletea mwenyewe ukamwona kwa macho?"

"Mimi nikimwona haisaidii. Taarifa imetoka bungeni, irekebishwe bungeni. Mheshimiwa aliyesema ajaze fomu ya marekebisho, itufikie, tunafungua kadi siku hiyo hiyo." Akainama kidogo. "Huku kwetu watu huja kudanganya kwamba hawajafa."

Nyuma ya Karani mama mmoja alisonya kwa sababu foleni haisogei. Karani alitoka nje akasimama kwenye ngazi, akajiuliza kumbukumbu ile imeandikwa na nani, kama vile hajui.

* * *

Mheshimiwa aliyeandikiwa barua hakumkana. Alimkaribisha ofisini, akafunga mlango mwenyewe, akavuta kiti chake mpaka magoti yao yakakaribiana.

"Shemeji hajambo?" aliuliza.

"Unajua hajambo. Barua yangu ilisema alipona."

"Niliisoma mara mbili. Ilinitoa machozi." Alikuwa na macho mekundu ya mtu asiyelala, na Karani aliona kwamba hadanganyi katika hilo. "Sasa nisikilize, mama. Ijumaa iliyopita tulikadiria kura. Wanaotaka kufuta walikuwa mbele kwa watu tisa. Jana baada ya ile hotuba, sita wamenifuata wenyewe. Mtu aliyepona hawashtui watu. Wangeniambia, si amepona, basi sheria au isiwe sheria watu wanapona tu."

"Kwa hiyo ukamwua."

"Nimetia chumvi. Kura ni Alhamisi jioni. Mwache mpaka Alhamisi. Ijumaa asubuhi nitasimama kwenye mlango wa ofisi yenu na fomu mkononi, nitasema nilipotoshwa, nitajibeba mwenyewe aibu yangu. Leo nikisema nimesema uongo, hao sita wanarudi walikotoka, na sheria imekwisha. Kadi ya mumeo tutaifungua, sawa. Itafanya kazi mpaka mwezi ujao, halafu hakutakuwa na bima ya kuilipia. Wala ya wale wengine."

"Alisafishwa Jumamosi," Karani alisema. "Ijumaa ni siku sita. Mwaka jana tano zilimshinda."

Mheshimiwa aliinamisha kichwa. Aliokota karatasi sakafuni akaikunja.

"Na wewe," alisema mwisho, bila kumtisha, "ile barua ikijulikana, chumba kile hawatakuacha ukae hata siku moja. Sikwambii kwa ubaya."

* * *

Alikwenda hospitali kumwomba Sista, muuguzi mkuu wa wodi ya mashine, amfanyie hisani hata ya saa mbili. Mashine zilikuwa kumi na moja, hapo tu, mji mzima. Koridoni, kwenye benchi la kusubiria, walikaa wanaume wawili wenye madaftari na viatu vinavyong'aa. Mmoja alikuwa akimhoji mgonjwa wa zamani, dereva wa malori ambaye kiti chake kilipakana na cha Mizani.

"Ulimfahamu huyo fundi?"

"Nilimfahamu vizuri," dereva alisema. "Kiti kile cha pembeni. Kila akipimwa uzito alikuwa anagombana na mzani wetu, anasema unaongopa gramu mia mbili."

"Na ni kweli amefariki?"

Dereva alimwona Karani akiingia. Macho yao yalikutana, naye hakuyakwepesha.

"Ndiyo," alisema. "Amefariki. Jumapili."

Ndani ya mlango wa wodi uliokuwa wazi, msichana wa sekondari aliyekuwa kwenye mashine ya tatu, daftari la hesabu mapajani, naye aliitikia kwa kichwa kabla hajaulizwa. Bibi wa mashine ya nne alijifuta macho kwa ncha ya kanga. Wagonjwa wote wa wodi ile, watu wa kufungwa kwenye mipira ya damu yao wenyewe, walikuwa wamekubaliana juu ya jambo moja, na hakuna aliyewafundisha.

Sista alimvuta ndani ya stoo ya dawa. "Hao wa madaftari wametumwa na upande wa kufuta. Wako hapa tangu saa moja, na wamesema watakuwepo hadi Alhamisi. Wameomba kuona kitabu cha wodi. Nimewaambia kiko kwa mganga mkuu."

"Kiko wapi?"

"Nimekikalia ofisini kwangu," Sista alisema. "Mwanangu, akiingia hapa leo, hawa wote wanakuwa waongo. Na baada ya mwezi mmoja nazima mashine. Sikwambii umlete, sikwambii usimlete. Mimi mwenyewe nimewaambia amekufa, na nimeapa."

* * *

Mlangoni kwao, ghorofa ya tatu, kulikuwa na jozi kumi na nne za viatu. Ndani kulijaa majirani. Mama mkwe wake alikaa sakafuni juu ya mkeka, amejifunika kitambaa kichwani, uso umemvimba kwa hasira ambayo wageni waliidhani uchungu.

"Pole, Karani," watu walisema mmoja mmoja, na kila pole ilimgusa kama mkono wa baridi.

"Mazishi lini?"

"Mwili uko hospitali," mama mkwe alijibu haraka. "Wanachunguza."

Mlango wa chumba cha kulala ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Nyuma yake alikuwepo marehemu, amekaa kitandani, mto mdomoni ili asikohoe. Karani alijua kwa sababu aliona kivuli cha miguu yake chini ya mlango. Muuza nguo wa ghorofa ya chini alikuwa akisimulia kwamba Mizani alikuwa mtu wa haki, ila mkono wake ulikuwa wa birika. Mwingine akasema hapana, alikuwa mtoaji, ila alipenda kushukuriwa. Wakabishana kwa upole, kama watu wanavyobishana juu ya mtu ambaye hawezi tena kujibu. Mara kivuli kikasogea, na kitu kikaanguka chumbani.

Watu wote wakageukia mlango.

"Paka," alisema mama mkwe. Hawakuwa na paka.

Wageni walipoondoka, mama alisimama akaugonga mlango wa chumba kwa kiganja. "Toka. Toka nikuone. Nimekulilia tangu saa nne, mtu mzima mimi, nalia kilio cha uongo na wewe unasikia. Nani alimtuma mama amlilie mwanawe aliye hai?"

Mizani alitoka akijishika ukutani. Uso ulikuwa umeanza kujaa, macho yakionekana madogo. "Dereva amenipigia simu asubuhi," alisema. "Ameniambia walichosema wodini. Ndipo nikamwomba Mama apokee watu. Nisamehe, Mama." Akageuka. "Umeandika vizuri lakini, Karani? Hukukosea namba?"

"Acha utani."

"Sifanyi utani. Nauliza kama ilikuwa namba yangu."

Wakakaa watatu. Karani akaeleza yote, dirisha na Mheshimiwa na benchi la koridoni. Alipomaliza alisema, "Nenda kavae. Tunakwenda wodini sasa hivi. Wakikuona wakuone."

Mizani alitazama miguu yake. Aliibonyeza juu ya kifundo, shimo likabaki pale palipobonyezwa, naye akalingoja lijae kama anavyongoja mshale wa mzani utulie.

"Yule binti wa hesabu anamaliza shule mwakani," alisema.

"Sikuulizi habari za binti."

"Najua. Ungekuwa huniulizi ungekuwa umeshanivalisha viatu." Akamshika mkono. "Nimekufa tayari, Karani, na wewe ndiye uliyeandika. Basi niwe marehemu mpaka Ijumaa. Siku tatu. Nitakaa humu ndani, sinywi maji, sili matunda, sili chochote chenye chumvi. Ijumaa asubuhi nafufuka."

"Na ukishindwa?"

"Nikishindwa sheria ipo. Nikienda leo, mwezi ujao nashindwa mimi pamoja na wao."

Mama yake aliondoka kwenda jikoni, na huko wakamsikia akiangusha masufuria. Karani alijua angeweza kumburuta. Kilo zake zote alizijua, zilikuwa zimepungua, na ngazi walikuwa wameshazizoea. Alikaa pale pale. Jambo hilo baadaye lilimrudia kila alipolala: kwamba alikuwa na nguvu ya kusimama na hakusimama.

* * *

Jumatano Mizani alihesabu vijiko vya maji. Mama alimpa mchemraba wa barafu anyonye, akamnyoa ndevu kwa wembe mpya, taratibu, huku akimsimanga kwamba tangu utotoni alikuwa mtu wa kujitolea kwa mambo yasiyomhusu. Wageni walikuja tena. Safari hii mama alilia vizuri zaidi, akapata na sauti, na chumbani Mizani alilisikia jina lake la utotoni likiitwa kwa kilio. Jioni alimwambia Karani kwamba amegundua kitu: mtu akisikia watu wanamlilia, baada ya muda naye anaanza kujisikia vibaya kwa ajili ya yule marehemu.

Alhamisi aliamka hawezi kulala chali. Akiweka kichwa kwenye mto kifua kilijaa. Alikaa ukingoni mwa kitanda, mikono magotini, akivuta pumzi fupi fupi.

"Nenda kazini," alisema. "Usipokwenda leo watajiuliza. Andika vizuri."

Chumba cha makarani kilikuwa kimya kama siku ya mtihani. Saa kumi na moja Spika alitangaza kwamba kabla ya kura Bunge lisimame dakika moja kumkumbuka fundi mizani na wote waliopoteza maisha wakisubiri matibabu. Ni desturi kwamba Bunge likisimama kwa ajili ya marehemu, watumishi nao husimama popote walipo. Msimamizi akasimama. Makarani saba wakasimama, viti vikalia sakafuni. Karani akasimama naye, visikilizio masikioni.

Jirani yake wa meza, aliyejua, alimshika kiwiko.

Katika masikio ya Karani dakika ile ilikuwa na sauti nyingi. Mtu alikohoa, kiti kikalalamika, mashine ya kupooza hewa ikavuma. Watu mia tatu walikuwa wakivuta pumzi pamoja, na kila pumzi aliyoisikia aliona inatoka kwa mtu mmoja aliyekaa ukingoni mwa kitanda. Alitaka kupiga kelele kwamba anapumua, jamani, anapumua. Alijikaza kisabuni. Dakika ilipokwisha aliketi, akaandika katika mabano, kama inavyotakiwa: Hapa waheshimiwa wabunge walisimama kwa dakika moja kumkumbuka marehemu.

Kura zilihesabiwa. Walioitetea sheria walishinda kwa nne. Juu watu walipiga meza mpaka vumbi la dari likaanguka kwenye karatasi za makarani. Msimamizi, mtu wa masikio yasiyo na maoni, alitoa kitambaa akapenga kamasi, akasema kwamba binti yake ana pumu.

Alipofika nyumbani Mizani alikuwa ameshasikia redioni. "Nne?" aliuliza.

"Nne."

"Ni nyingi," alisema, akajaribu kutabasamu. Hakuweza kusema zaidi kwa sababu ya pumzi. Walikaa naye zamu kwa zamu, mke mgongoni akimwegemeza, mama miguuni. Karani alisema mara mbili waondoke sasa hivi, kura imekwisha. Mizani alitikisa kichwa: mashine hazifunguliwi kabla ya saa moja, na mlangoni bila fomu watarudishwa. Mheshimiwa alikuwa amepigiwa simu, akaahidi saa kumi na mbili na nusu atakuwa amekwisha saini.

Kulipopambazuka Ijumaa alitaka shati jeupe. Alisema mtu hawezi kufufuka na fulana. Karani alimfunga vifungo, na cha juu kikakataa kwa sababu shingo ilikuwa imevimba. Viatu navyo vilikataa. Mama akaenda koridoni kutafuta ndara. Dereva wa malori alikuwa chini na teksi, ameacha injini ikinguruma, akapiga honi mara moja kuwajulisha.

"Huyo ni dereva," Mizani alisema. "Mwambie nakuja."

Karani alisogea dirishani akainua mkono kwa dereva. Alipogeuka, Mizani alikuwa bado amekaa vile vile, wima, mikono magotini, shati jeupe. Mama aliingia na ndara, akapiga magoti akamvalisha mguu wa kulia, kisha wa kushoto, akamsemesha, "Haya baba, simama twende." Akangoja. Akamsemesha tena, kwa jina la utotoni. Ndipo alipomtazama usoni, na kilio alichokuwa amekifanyia mazoezi siku tatu hakikutoka.

* * *

Ofisi ya kuandikisha vifo iko nyuma ya hospitali, chumba kimoja chenye mabenchi mawili. Walikwenda mchana huo huo, kwa sababu bila cheti hawawezi kumzika. Mama mkwe alikaa karibu na Karani, bado kashika ndara moja. Nyingine haikujulikana ilibaki wapi.

Asubuhi Mheshimiwa alikuwa amefika kweli mlangoni kwa makarani, na fomu, na saini. Alipoambiwa na yule jirani wa meza alikaa chini kwenye ngazi. Baada ya muda akampigia Karani simu akamuuliza, kwa sauti ambayo Karani hakuwahi kuisikia kwenye visikilizio, kama fomu hiyo aipeleke au aichane. Upande ulioshindwa ulikuwa umeshatangaza kwamba unatafuta sababu ya kwenda mahakamani, na kura ile bado ingeweza kubatilishwa. Karani alimwambia amuulize mwingine.

Mwandikishaji alikuwa mama wa makamo mwenye miwani ya kusomea. Aliingiza zile tarakimu tisa, akasubiri, akakunja uso.

"Huyu mbona yumo tayari? Mfuko umeshamwingiza. Amefariki Jumapili." Akaigeuza karatasi ya kuthibitisha kifo aliyoijaza Sista. "Hapa wodini hawakujaza tarehe. Wameacha wazi. Wewe ndiye mke?"

"Ndiye mimi."

"Niambie mwenyewe basi. Tarehe iliyopo ni sahihi, au kuna marekebisho?"

Sista hakuwa mtu wa kusahau tarehe. Karani alilijua hilo. Aliona kidole cha mwandikishaji kikiwa juu ya kitufe. Miaka kumi na tisa aliwaandika watu kama walivyosema, wakikosea aliwaandika na kosa lao. Akisema Ijumaa, kwenye meza fulani mtu angesoma Ijumaa, angeita gazeti, na mashine ya tatu ingezimwa daftari la hesabu likiwa wazi. Akisema Jumapili, mume wake angekuwa hakuishi siku zile, hakucheka kwenye simu, hakushika mkono wa mtu, hakuamua chochote.

"Mama?" alisema mwandikishaji.

"Ni sahihi," alisema Karani. "Jumapili."

Kidole kikashuka. Mashine ikaanza kuchapa. Mama mkwe aliyekuwa akisikiliza huku kichwa kimeinama alikiinua polepole, akamtazama mkwewe, si kwa hasira, ila kama mtu aliyeulizwa jambo na hakulielewa.

"Jumapili?" alisema. "Na Jumatano nilimnyoa nani?"

Mwandikishaji aligonga muhuri, akaupuliza wino ukauke, akaita anayefuata.